Sungura mzee anapougua: mwongozo kamili wa kuamua tiba yake ukiwa Tabora

Kila baada ya wiki chache mtu hunipigia simu, au husimama nje ya geti langu hapa Isevya akiwa na tenga mkononi, na swali huwa lile lile: "Kaka, sungura wetu amezeeka, hali tena. Tumtibu au tumwache?" Nikiuliza ameacha kula lini, naambiwa "juzi hivi, au tuseme wiki." Nikiuliza alikuwa na uzito gani, hakuna ajuaye. Nikiuliza amepewa nini, inatolewa chupa ya dawa ya mtoto iliyobaki kabatini.

Mapenzi yapo. Kinachokosekana ni maandalizi. Tunachelewa, tunakwenda kwa daktari mikono mitupu, halafu tunaamua kwa kumtazama usoni mnyama ambaye tangu kuzaliwa amefundwa kuficha maumivu. Sungura wa hadithi za bibi alitumia ujanja kumhadaa fisi. Huyu wa bandani ujanja wake wote anautumia ili aonekane mzima, kwa kuwa porini anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa kwanza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa hiyo uamuzi wa tiba usiutafute machoni mwake. Utafute kwenye mizani na daftari.

Mwongozo huu ni wa sungura anayefugwa nyumbani kama mwenzi, mwenye miaka mitano na kuendelea.

## Andaa hivi kabla hajaugua

- Mizani ya jikoni ya kidijitali inayopima hadi kilo 5 au 10, pamoja na beseni la kumkalisha.
- Daftari na kalamu, vikae karibu na banda.
- Simu yenye kamera, kwa picha na video fupi.
- Bomba la sindano la mililita 1 na la mililita 10, yote yakiwa hayana sindano yenyewe.
- Taulo au kanga kuukuu.
- Tochi ndogo.
- Tenga au boksi gumu lenye matundu, linalofunga vizuri.
- Nyasi kavu za kutosha, zisizo na ukungu.
- Namba ya daktari wa mifugo na ya afisa mifugo wa kata yako, ziandikwe ukutani na si kwenye simu tu.
- Fedha iliyotengwa. Hata kama ni kibubu cha sarafu, kiwe cha sungura peke yake.

Hilo la mwisho watu hulipuuza. Ukianza kutafuta fedha siku ya dharura, utajikuta unaamua kwa kuangalia mfuko, na baadaye moyo utakusuta.

## Hatua ya 1: Tenganisha uzee na ugonjwa

Sungura wa nyumbani anayetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12. Uzee huanza kuonekana akiwa na mitano au sita. Wale wakubwa sana wa kimwili huzeeka mapema zaidi.

Dalili za uzee wenyewe ni chache. Analala zaidi mchana, anaruka chini ya alivyozoea, manyoya yanapungua mng'ao, jicho linaweza kuingia wingu la mtoto wa jicho. Sungura asiyeona anaweza kuishi vizuri kabisa, mradi usihamishe chombo cha maji wala kubadilisha mpangilio wa banda.

Sasa haya si uzee: kukonda, kutokwa udenda, kinyesi kupungua, kulowa mkojo sehemu za nyuma, kichwa kupinda upande mmoja, kukataa chakula. Uzee haumnyimi sungura hamu ya kula. Ukisikia mtu nyumbani anasema "ni uzee tu huo," muulize ni dalili ipi anayoisemea, kisha irudishe kwenye orodha hizi mbili.

Umeivuka hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja kilichobadilika. "Amechoka" haitoshi. "Anaokota karoti kisha anaiangusha" inatosha.

## Hatua ya 2: Fungua daftari la siku 14

Kama sungura wako ana dalili zozote za dharura zilizomo kwenye hatua ya 4, usianze daftari. Ondoka naye sasa hivi. Wengine wote, anza leo.

Kila asubuhi kabla ya kumpa chakula, muweke kwenye beseni juu ya mizani na uandike uzito kwa gramu. Saa iwe ile ile, kwa sababu tumbo lililojaa linaweza kukudanganya.

Kisha andika mambo manne mengine:

Alichokula. Si "amekula vizuri". Andika alianza na nini na alibakisha nini. Sungura anayekimbilia majani laini na kuziacha nyasi kavu mara nyingi ana shida ya meno.

Kinyesi. Cha kawaida ni punje za duara, kavu, zinazolingana. Ukiponda moja unaona nyuzi za nyasi ndani yake. Punje zikiwa ndogo, chache au zenye umbo la tone la machozi, utumbo unapunguza mwendo. Vile vishada laini vinavyong'aa si kuhara. Ni kinyesi maalumu ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka mkunduni ili apate virutubisho. Ukianza kukikuta kimebaki bandani au kimeganda manyoyani, ina maana hawezi tena kujikunja kukifikia, au amenenepa, au anapewa vyakula vya wanga kupita kiasi.

Maji na mkojo. Sungura hunywa takribani mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Jaza chupa kwa kipimo, upime kilichobaki. Akianza kunywa mara mbili ya kawaida yake na joto halijaongezeka, figo zichunguzwe. Mkojo wenye wingu jeupe ni kawaida kwa kiasi, kwani sungura hutoa kalsiamu ya ziada kwa njia ya mkojo. Ukiwa mzito kama uji, si kawaida tena.

Mwendo. Anapanda kibao? Anajisafisha uso? Anakojoa mahali alipozoea?

Akipoteza asilimia 10 ya uzito, yaani kutoka kilo 2.5 hadi 2.25, hata kama anakula mbele ya macho yako, hiyo ni safari ya kwa daktari ndani ya wiki. Manyoya hufunika mifupa. Mkono hautagundua mapema kama mizani.

Siku daktari atakapouliza "imeanza lini?", utafungua ukurasa na kumwonyesha. Hapo utajua daftari limefanya kazi yake.

## Hatua ya 3: Mkague kichwa hadi mkia

Fanya mara moja kwa wiki, jioni kukiwa na ubaridi. Kaa chini sakafuni, mviringishe kwenye taulo, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukishika makalio. Usimnyanyue kwa masikio kamwe. Usimlaze chali pia: akitulia hivyo hajastarehe, ameganda kwa hofu. Miguu yake ya nyuma ina nguvu kuliko mgongo wake unavyoweza kubeba, na akirusha teke huku mwili haujashikwa anaweza kujivunja uti wa mgongo mikononi mwako.

Meno. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu sungura wengi wazee wanaoletwa kwangu wakiwa "wamekataa kula" hawajakataa. Hawawezi. Sungura ana meno 28, na yote hukua maisha yake yote. Ya mbele hukua kama milimita 2 kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kusaga nyasi ngumu. Aliyelelewa kwa pumba, mkate na mabaki ya ugali hana cha kusaga, hivyo magego hurefuka na kuota ncha zinazokata ulimi na mashavu.

Fungua midomo ya mbele kwa vidole: meno ya juu yafunike kidogo ya chini, yawe yamenyooka. Magego hutayaona, hayo ni kazi ya daktari na chombo chake. Wewe tafuta ushahidi wa nje: kidevu kilicholowa, manyoya ya miguu ya mbele yaliyoshikana kwa kufutia udenda, jicho moja linalotiririsha machozi, uvimbe kando ya taya. Pitisha vidole taratibu kwenye taya zote mbili na ulinganishe.

Usikate meno kwa kikata kucha wala koleo. Jino hupasuka hadi kwenye mzizi, vijidudu huingia, jipu huota tayani. Na jipu la sungura si kama la mbuzi ambalo ukilitumbua linamwagika: usaha wake ni mzito kama dawa ya meno, hautoki kwa kukamua. Anayetaka kulitumbua nyumbani mzuie.

Masikio. Maganda ya kahawia yaliyorundikana ndani ni upele wa masikio unaosababishwa na wadudu wadogo. Unauma sana. Usiyabandue yakiwa makavu, utamtoa damu.

Miguu. Geuza nyayo za nyuma. Sehemu isiyo na manyoya, nyekundu au yenye kidonda, inatokana na sakafu ya waya au banda lililolowa. Sungura mzee mwenye maumivu ya viungo hukaa sehemu moja, na nyayo huchubuka haraka. Weka mbao na nyasi kavu nyingi leo hii, kabla hata ya kufikiria dawa.

Sehemu za nyuma. Inua mkia. Wakati wa masika yetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, nzi hutaga kwenye manyoya yaliyolowa mkojo au kinyesi, na funza wanaweza kummaliza sungura ndani ya siku moja au mbili. Mzee asiyeweza kujisafisha akaguliwe asubuhi na jioni miezi hiyo yote.

Jike asiyehasiwa. Kansa ya kizazi ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi sungura majike waliovuka miaka minne. Matone ya damu kwenye mkojo, au uvimbe kwenye chuchu, yapelekwe kwa daktari. Kumbuka tu kwamba mkojo wa sungura unaweza kuwa wa rangi ya kutu au mwekundu kutokana na majani aliyokula; damu mara nyingi huonekana kama matone au mabonge, si rangi iliyoenea sawasawa.

Vaa glavu kama ana ngozi yenye maganda. Aina nyingine za upele humpata na binadamu.

## Hatua ya 4: Pima udharura

Ondoka naye leo, hata kama ni jioni, ukiona mojawapo:

- Hajala wala kutoa kinyesi kwa saa 12.
- Tumbo limejaa, ni gumu, na amejikunyata akisaga meno kwa sauti. (Kusaga kwa sauti ndogo anapopapaswa ni raha, kusaga kwa nguvu akiwa peke yake ni maumivu.)
- Anapumua kwa mdomo wazi.
- Masikio na mwili ni baridi, amelegea. Joto la kawaida la sungura ni kati ya nyuzi 38.5 na 39.5 hivi, mgonjwa aliyeshuka chini ya 38 yuko hatarini kuliko mwenye homa kidogo.
- Ana funza.
- Kichwa kimepinda ghafla au anabiringika.
- Miguu ya nyuma haifanyi kazi.

Hizo saa 12 zina sababu. Utumbo wa sungura umeumbwa uende muda wote. Ukisimama, gesi hujaa, maumivu humfanya akatae kula zaidi, na kutokula kunausimamisha zaidi. Hawezi kutapika kama mbwa. Kwa hiyo ule msemo wetu wa "tumwangalie mpaka kesho" kwa sungura ni hukumu.

Kukonda, udenda, maganda masikioni, vidonda vya nyayo na kunywa sana: ndani ya wiki. Mtoto wa jicho bila maumivu, kulala zaidi: andika, endelea kutazama.

## Hatua ya 5: Mfikie mtu sahihi

Anza na afisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya Manispaa. Wengi wao kila siku wanashughulika na ng'ombe, mbuzi na kuku, na si aibu kwao kukuambia sungura mzee hawajamshika mara nyingi. Anayekiri hivyo kisha akampigia mwenzake simu, mshikilie huyo.

Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, madaktari na wasaidizi wa huduma ya mifugo wanatakiwa kusajiliwa na Baraza la Veterinari. Uliza kwa adabu: "Samahani daktari, umesajiliwa na Baraza?" Aliyesajiliwa hachukii swali hilo. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo anaweza kuwa mtu mwema na mzoefu, lakini kuuza dawa na kupima mgonjwa ni kazi mbili.

Tabora tuna bahati moja: Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) una kituo chake hapa hapa mjini. Daktari wako anaweza kupeleka huko sampuli ya kinyesi au ya ngozi badala ya kubahatisha. Muulize kama inafaa kwa hali ya sungura wako.

Upande wa rufaa, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro kina hospitali ya wanyama. Watu huniuliza kama wapande naye treni. Maoni yangu: sungura mzee aliyedhoofika, kwa urefu wa safari ile, joto na mtikisiko, mara nyingi atafika akiwa hoi kuliko alivyoondoka. Bora daktari wa hapa awasiliane na wa kule, na wewe utume picha, video na kurasa za daftari. Safari ifikirie tu kama bado anakula, tatizo linajulikana, na kule kuna kitu mahususi kitakachofanyika.

Ukipiga simu, sema kwa mpangilio huu: umri, jinsia, uzito wa leo na wa wiki mbili zilizopita, dalili moja kuu, imeanza lini, kinyesi cha mwisho saa ngapi, dawa zote alizokwisha kupewa. Usifiche hata ile uliyompa ukiwa na wasiwasi.

## Hatua ya 6: Kagua dawa kabla haijaingia mdomoni

Sungura wangu wa kwanza aliitwa Pamba. Alikuwa na miaka sita alipoanza kutoka makamasi. Dukani nikauziwa amoksilini ya maji, ile ya watoto, nikampa kwa moyo wote. Siku ya tatu akaharisha. Siku ya nne tulimzika chini ya mwembe. Mwanangu alikuwa darasa la pili, na aliniuliza kama dawa ilikuwa mbaya. Sikuwa na jibu.

Jibu ninalo sasa. Ndani ya utumbo mpana wa sungura wanaishi bakteria wema wanaomsagia nyasi. Amoksilini, ampisilini, penisilini ya kumeza, klindamaisini, linkomaisini na erithromaisini huwaua hao, kisha wabaya hutawala na kutoa sumu. Dawa inayomponya mtoto wa binadamu humuua sungura. Ukiandikiwa yoyote kati ya hizo ya kumeza, simama, uliza tena, omba nyingine. Zipo antibiotiki ambazo sungura huzivumilia, kama enrofloxacin na zile za kundi la salfa zenye trimethoprim, na daktari ndiye wa kupanga kipimo.

Mengine ya kukataa:

- Diklofenaki, ibuprofeni au dawa yoyote ya maumivu ya binadamu kwa kukadiria. Kwa maumivu ya sungura madaktari hutumia zaidi meloksikamu, na hata hiyo wenye figo dhaifu huangaliwa kwanza.
- Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronil. Kwa sungura ni hatari.
- Dawa ya kuogeshea ng'ombe, au maji ya tumbaku. Kwa mkoa wetu wa tumbaku majani hayo yako karibu, lakini nikotini hupenya kwenye ngozi na ni sumu.

Ivermektini hutibu upele wa masikio vizuri, na hapa ndipo kosa la kipimo hutokea. Ile ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita. Kiasi ambacho madaktari humpa sungura wa kilo 2 hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya mililita. Haikadiriwi kwa macho wala kwa bomba kubwa. Ipimwe na daktari kwa bomba dogo kabisa, na kwa uzito wa siku hiyo.

Kabla hujaondoka, uwe na majibu ya maswali matano yaliyoandikwa: jina la dawa, kipimo kwa mililita, mara ngapi, kwa siku ngapi, na dalili gani ikitokea niache.

## Hatua ya 7: Chagua njia

Sasa una daftari, una majibu ya daktari. Njia ni tatu, na zote ni za heshima: kutibu chanzo, kumtunza asiumie bila kufukuza ugonjwa, au kumpumzisha, yaani daktari amwondolee uhai bila maumivu.

Mpime kwa mambo haya, kwa mpangilio huu.

Kwanza, je, tatizo lina mwisho? Meno yaliyorefuka hukatwa na kusuguliwa, na sungura hula siku hiyo hiyo au kesho yake. Lakini yatarudi baada ya wiki au miezi, kwa hiyo unakubali kazi ya kudumu. Upele huisha. Figo zilizochoka hazirudi.

Pili, je, anahitaji nusukaputi? Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba katika kila sungura 1,000 waliolazwa kwa dawa, takribani 14 walikufa. Kwa mbwa hawakufika 2. Ila tazama mgawanyo: sungura wenye afya walikuwa kama 7 kwa 1,000, na wagonjwa zaidi ya 70. Maana yake kwako ni moja. Ukikubali upasuaji, ukubali mapema angali na nguvu, siyo baada ya mwezi wa kusitasita. Na mtu akikuambia umfungishe usiku kucha kabla ya upasuaji kama mbwa, mkumbushe kwamba sungura hatapiki. Kumnyima chakula kunausimamisha utumbo wake.

Tatu, nani atamuuguza? Dawa mara mbili kwa siku, chakula cha bomba kila baada ya saa chache, kumsafisha. Kama nyumbani mnatoka wote alfajiri mnarudi magharibi, sema hivyo kwa daktari. Ratiba isiyotekelezeka haiponyi mtu.

Nne, siku zake zikoje? Rudi kwenye zile siku 14, uweke alama ya tiki kila siku aliyokula kwa hiari, akasogea kwa hiari na akajisafisha uso. Siku zenye tiki zikiwa nyingi, tibu. Zikilingana, zungumza na daktari juu ya kupunguza maumivu, kisha hesabu tena baada ya wiki. Zikiwa chache na dawa tayari imejaribiwa, soma hatua ya 9.

Umri sijauweka kwenye mizani hiyo, na nimefanya kwa makusudi. Asali, sungura wangu wa pili, alikuwa na miaka minane aliposhuka kutoka kilo 2.6 hadi 2.3 kwa wiki tatu. Majirani waliniambia nimwache, mzee huyo. Daktari alikuta ncha mbili za magego zimemkata ulimi. Akazisugua, usiku ule ule Asali alikula nyasi. Aliishi mwaka mmoja na miezi minne baada ya hapo, akisuguliwa meno mara nne. Lakini figo zilipoanza kushindwa sikukubali sindano za kila siku ambazo zingemwongezea woga tu. Nilichagua utunzaji, na naamini maamuzi yote mawili yalikuwa sahihi kwa mnyama yule yule.

Fedha nayo ni hoja halali. Jumlisha ada, dawa, nauli na marudio, si ziara ya kwanza peke yake. Nusu ya tiba mara nyingi ni mbaya kuliko utunzaji kamili.

## Hatua ya 8: Msafirishe, kisha muuguze

Safiri mapema kabla jua halijakaza, hasa Septemba na Oktoba. Sungura hatoki jasho kama sisi. Joto likipita nyuzi 28 au 30 huanza kuelemewa. Weka kwenye tenga chupa ya maji yaliyogandishwa, iviringishe kitambaa. Bajaji ni bora kuliko bodaboda. Kama ana mwenzake wanaolala pamoja, wapeleke wote wawili. Atakuwa mtulivu, na mwenzake hatamkataa atakaporudi na harufu ya dawa.

Nyumbani, kama hali vya kutosha na daktari amethibitisha hana kizuizi tumboni, mlishe kwa bomba. Saga chakula chake cha punje au majani aliyoyazoea, changanya na maji ya uvuguvugu hadi kiwe uji mwepesi. Ingiza ncha pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, sukuma kidogo kidogo, ngoja ameze. Ukisukuma kwa haraka kitaingia mapafuni. Tumbo likiwa gumu kama ngoma, au akiwa baridi na amelegea, usimlishe chochote. Mrudishe kwa daktari.

Maziwa, mkate, chapati, ugali na sukari viache kabisa. Nyasi kavu, ukoka na majani tembo machanga viwe mbele yake muda wote, na maji kwenye bakuli pana, kwani shingo inayouma haipendi chupa ya kuning'inia. Punguza kimo cha mlango wa banda. Kata kucha.

Tiba inakwenda vizuri ukiona kinyesi kinarudi ndani ya siku moja au mbili, punje zinakua, na uzito unaacha kushuka kabla ya kuanza kupanda. Siku tatu bila dalili hizo, piga simu bila kusubiri dozi iishe.

## Hatua ya 9: Ikibidi kumpumzisha

Muombe daktari amlaze kwanza kwa dawa ya usingizi, kisha ampe sindano ya mwisho. Kwa njia hiyo hana habari. Uliza kama anaweza kuja nyumbani, ili sungura aondokee mahali anapopajua. Mshike wewe, kwa kuwa harufu yako ndiyo aliyoizoea.

Kuna watakaosema achinjwe aliwe. Sungura aliyekuwa kwenye dawa au mwenye ugonjwa usiojulikana hafai kuliwa, na mwili wa aliyechomwa sindano ya mwisho una sumu inayoweza kumuua mbwa au ndege atakayeufukua. Mzike kwa kina cha mita moja hivi, ufukie kwa mawe juu.

Watoto waambie ukweli kabla. Usiwaambie "amekwenda shamba". Watakuuliza kila siku atarudi lini.

Kama ameacha mwenzake bandani, mwache aunuse mwili kwa dakika chache kabla ya kuzika, vinginevyo anaweza kumtafuta kwa siku kadhaa. Siku hizo mkae naye karibu, mpe majani anayoyapenda, na mtazame kinyesi chake, maana upweke nao husimamisha utumbo. Geuza ukurasa wa daftari, andika jina lake juu, na kesho asubuhi mpandishe kwenye mizani.